Jani la Chini ya Chandarua: Biri "Laini" Imetoka Wapi?

Fungua sanduku la biri za bei ghali, zile zinazosokotwa kwa mkono, na mara nyingi utakuta humo aina moja iliyopauka kuliko nyingine zote. Rangi yake ni kama chai yenye maziwa mengi. Ukipitisha kidole juu ya jani lake la nje utadhani unagusa hariri. Mishipa ya jani haionekani kirahisi, na hata kabla ya kuwashwa inanukia nyasi kavu, korosho na mbao. Wauzaji humpa mtu anayeanza: chukua hii, hii ni laini.

Kabla hatujaenda mbali, tukubaliane kuhusu maneno. Sigara ya kawaida ni ile ya karatasi. Hii tunayoizungumzia leo ni ile nene, iliyotengenezwa kwa majani ya tumbaku kutoka ndani mpaka nje, ambayo kamusi zetu huiita biri. Tutatumia neno hilo.

Swali letu ni dogo tu: huo ulaini umetoka wapi? Lakini jibu lake linasafiri. Litatupitisha kwenye mashamba ya kikoloni ya Sumatra, kwenye bonde moja la Marekani ambako wakulima walifunika mashamba mazima kwa kitambaa, kwa kijana wa miaka 15 ambaye baadaye dunia nzima ilimjua, na mwisho kwenye mkataba ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia. Na njiani utaona kwamba neno "laini" lina maana mbili, na watu wengi wamelipia gharama ya kuzichanganya.

Tuanze na biri yenyewe

Ukiipasua biri nzuri kwa urefu utakuta sehemu tatu. Katikati yamo majani ya ndani, marefu, yaliyokunjwa kwa namna ambayo hewa inapata njia. Majani hayo yameshikwa na jani moja imara la kufungia. Juu ya yote limezungushwa jani la nje, ambalo ndilo unaloliona na ndilo linalogusa midomo. Hilo la nje ndilo ghali kuliko yote kwa uzito wake, kwa sababu halitakiwi kuwa na tundu, doa wala mshipa mnene.

Sasa, si kila jani la mmea mmoja lina nguvu sawa. Wakulima wa tumbaku ya biri huvuna jani kwa jani, kuanzia chini kwenda juu, kwa wiki kadhaa. Majani ya chini yamekua kwenye kivuli cha wenzake, ni mepesi na huungua vizuri. Ya kati hubeba harufu. Ya juu kabisa yamepigwa jua mchana kutwa, ni mazito, yana mafuta mengi na nikotini nyingi. Wakuba wana jina kwa kila daraja: volado, seco na ligero. Fundi anayetaka biri laini huweka zaidi majani ya chini na ya kati, na yale ya juu huyapunguza au huyaacha kabisa. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya ulaini ni suala la mchanganyiko, kama vile fundi wa pilau anavyojua pilipili manga ziwe ngapi.

Sehemu ya pili ni ukaushaji. Kama umewahi kufika Tabora, Urambo au Chunya unajua mabani ya kukaushia tumbaku. Wakulima wa Tanzania hutofautisha tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto la tanuri, na tumbaku ya moshi ya kule Songea na Namtumbo, inayokaushwa juu ya moto wa kuni. Ipo pia tumbaku ya hewa, na hapo ndipo biri ilipo: majani hutundikwa kwenye bani lenye matundu ya kupitisha upepo, yakakauka polepole kwa wiki kadhaa.

Tofauti hii ni ya kikemia. Joto la tanuri huua vimeng'enya vya jani mapema, kwa hiyo sukari hubaki humo. Jani linalokauka kwa hewa huendelea kuishi kwa siku kadhaa baada ya kuchumwa, likila wanga na sukari zake lenyewe. Linapokufa, sukari imekwisha. Shika jambo hili la sukari, tutalihitaji sana mwishoni.

Baada ya hapo majani huvundikwa. Ndiyo, kama ndizi. Hupangwa kwenye rundo kubwa, hunyunyiziwa maji kidogo, hufunikwa, na joto huanza kupanda lenyewe bila moto wowote, kwa kazi ya vimeng'enya na bakteria. Fundi huchomeka kipimajoto kirefu mpaka katikati ya rundo. Joto likikaribia kuzidi, rundo huvunjwa na kupangwa upya: yaliyokuwa nje yanaingia ndani, yaliyokuwa ndani yanatoka nje. Wakati huo amonia hutoka kwa wingi kiasi cha kuwasha macho. Kazi hii huchukua miezi, na kwa majani mazito huweza kwenda miaka. Ule ukali unaokwaruza koo hupungua hapo.

Lakini bado hatujaeleza lile jani la nje lililopauka. Hilo lina siri nyingine: kivuli.

Kivuli hufanya nini kwa jani?

Nenda kwenye mwembe wowote mkubwa. Chuma jani moja la kileleni, linalopigwa jua, na jingine la ndani kabisa, kwenye giza la matawi. Yalinganishe. La kileleni ni nene na gumu. La kivulini ni jembamba, na mara nyingi ni pana zaidi.

Sababu yake ni uchumi wa mwanga. Jani la juani lina mwanga wa kutosha, kwa hiyo hujenga tabaka nene la seli za usanisinuru zilizosimama wima, zikinasa kila kinachopenya. Jani la kivulini likijenga unene huo litapata hasara, kwa kuwa seli za chini hazitapata mwanga. Linachofanya ni kujitandaza ili likamate mwanga kidogo uliopo. Mkulima wa tumbaku akiweza kuuiga mwavuli wa msitu, atapata jani pana, jembamba, lenye mishipa myembamba na rangi nyepesi. Yaani jani la nje la biri laini.

Hayo kayajua nani kwanza? Mwenye kulazimishwa na soko.

Hariri kutoka Sumatra

Mwaka 1863 Mholanzi Jacobus Nienhuys alifika Deli, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Sumatra, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Udongo wenye asili ya volkano na anga yenye unyevu na mawingu vilitoa jani ambalo wanunuzi wa Amsterdam hawakuwahi kuliona: jembamba, linalovutika, lenye rangi moja. Ratili chache zilitosha kufunika biri elfu. Kampuni ya Deli Maatschappij ikaundwa mwaka 1869, na ndani ya miongo miwili jani la Deli likawa linatafutwa Ulaya na Marekani.

Kazi ilifanywa na vibarua wa mkataba, kwanza Wachina, baadaye Wajava wengi. Sheria ya vibarua ya mwaka 1880 iliwapa wenye mashamba nguvu ya kutisha. Kibarua aliyetoroka au kukataa kazi hakuhesabiwa kuwa amevunja mkataba tu, kama mfanyakazi mwingine yeyote. Alihesabiwa mhalifu, na angeweza kufungwa. Mwaka 1902 mwanasheria J. van den Brand alichapisha kijitabu kilichoeleza mateso ya Deli na kikaitikisa Uholanzi. Serikali ikamtuma mwendesha mashtaka, J. L. T. Rhemrev, kuchunguza. Ripoti yake ya mwaka 1904 ilithibitisha vipigo na ukatili, kisha ikawekwa kabatini. Umma uliisoma mwaka 1987, baada ya mwanazuoni Jan Breman kuichapisha.

Kwa hiyo msomaji, mtu wa mwaka 1890 aliyekaa New York akisifu ulaini wa jani la nje la biri yake, mara nyingi alikuwa ameshika jani lililochumwa na mtu asiyeruhusiwa kuondoka.

Bonde lililofunikwa

Turudi Marekani. Katika bonde la mto Connecticut watu walilima tumbaku tangu karne ya 17, na kufikia karne ya 19 bonde hilo lilikuwa likiwauzia watengenezaji wa biri majani ya nje na ya kufungia. Jani la Sumatra likawaingilia sokoni. Wakulima wakakimbilia Bunge, na sheria ya ushuru ya mwaka 1890 ikaweka dola 2 kwa kila ratili ya jani la nje linaloingia kutoka ng'ambo. Ushuru mkubwa namna hiyo, na bado wanunuzi waliendelea kulitaka jani la Sumatra!

Ikabidi wageukie sayansi. Huko Florida watu walikuwa wameanza kulima tumbaku chini ya kivuli cha kutengeneza katika miaka ya 1890. Mwaka 1900 kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut, kwa kushirikiana na wizara ya kilimo ya Marekani, kilijaribu jambo hilohilo huko Poquonock, katika mji wa Windsor. Walisimika nguzo, wakafunga waya, wakatandaza juu yake kitambaa chepesi cha pamba, kama chandarua cha mbu. Eneo lenyewe lilikuwa theluthi moja tu ya ekari, na mbegu ilikuwa ya Sumatra.

Chini ya chandarua kile jua kali lilipungua, upepo ukatulia, unyevu ukabaki, na joto likapanda kidogo. Kwa maneno mengine, walikuwa wamejenga kipande cha nchi ya joto katikati ya nchi ya theluji. Majani yaliyotoka yalikuwa mazuri kiasi kwamba watu walipagawa. Ndani ya miaka miwili mamia ya ekari yalikuwa yamefunikwa.

Halafu mambo yakaharibika. Mimea ya shamba moja haikufanana: mmoja una jani la mviringo, jirani yake jani jembamba lenye ncha, mwingine majani machache. Biashara ya jani la nje haitaki vurugu hiyo, inataka jani la leo lifanane na la jana. Kampuni kadhaa zikaanguka.

Aliyesaidia kuliokoa zao hilo alikuwa mtaalamu wa wizara ya kilimo, A. D. Shamel, na chombo chake kikuu kilikuwa mfuko wa karatasi. Alichagua mmea bora, akafunika maua yake kwa mfuko kabla hayajafunguka, ili nyuki asilete chavua kutoka mmea mwingine. Ua la tumbaku linaweza kujichavusha lenyewe, kwa hiyo mbegu zilizopatikana zilikuwa za ukoo mmoja. Ukirudia msimu baada ya msimu, shamba zima linafanana kama ndugu wa tumbo moja. Baada ya muda aina zenye asili ya Kuba zikaishinda ile ya Sumatra, na jani la kivuli la Connecticut likawa na jina lake lenyewe.

Waliokuwa chini ya kitambaa

Tumbaku ya kivuli inataka mikono mingi mno. Ilibidi mimea ifungwe kamba mmoja mmoja ili isimame, na majani ya chini yachumwe na watu waliokuwa wakijikokota chini kwa makalio. Kisha wanawake na wasichana waliyashona majani kwa uzi kwenye fito, moja moja, ili yatundikwe kwenye bani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipowamaliza vibarua kutoka Ulaya, wakulima wa Connecticut walianza kuwaajiri wanafunzi Weusi kutoka vyuo vya kusini mwa Marekani. Mmojawapo wa vyuo hivyo ni Morehouse cha Atlanta. Vijana walipanda treni, wakafanya kazi majira ya kiangazi, wakarudi na karo.

Kiangazi cha mwaka 1944 miongoni mwao alikuwemo kijana wa miaka 15 aitwaye Martin Luther King Jr. Alifanya kazi Simsbury, kwenye shamba la familia ya Cullman, na akarudi tena mwaka 1947. Barua alizowaandikia wazazi wake zipo mpaka leo. Kijana aliyelelewa katika ubaguzi wa kisheria anashangaa kwamba huku watu Weusi na Weupe wanaingia kanisa moja, na kwamba anaweza kula kwenye mgahawa mzuri mjini Hartford bila kufukuzwa. Anaeleza pia kwamba ndiye anayeongoza ibada za wenzake. Miaka michache baadaye, alipokuwa akiomba nafasi katika chuo cha theolojia, aliandika kwamba wito wake wa kuwatumikia watu ulimjia katika kiangazi hicho.

Usidhani shamba lilikuwa peponi. Jua, vumbi na joto la chini ya kitambaa havikuwa na huruma. Mchumaji wa tumbaku hupambana pia na ugonjwa unaowakumba wachumaji kokote, iwe Connecticut au Tabora: jani bichi likilowa umande, nikotini hupenya kwenye ngozi, na mtu hupata kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Lakini King alikuwa na tiketi ya kurudi. Na katika safari ya kurudi, treni ilipofika Washington na ikabidi aingie behewa la Weusi, alionja upya uchungu wa ubaguzi. Alieleza baadaye kwamba baada ya uhuru ule, kurudi kwenye ubaguzi kulimuuma sana.

Jani lililobadili sheria

Hapa kuna kipande cha historia ambacho hata wapenzi wengi wa biri hawakijui. Mwaka 1930 Marekani ilitunga sheria mpya ya ushuru. Seneta John Blaine wa Wisconsin, jimbo lililolima majani ya kufungia biri, alisukuma nyongeza: bidhaa iliyotokana na kazi ya kulazimishwa, pamoja na ile ya vibarua wa mkataba wanaotishiwa kifungo, isiingie Marekani. Sehemu hiyo ilipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1932.

Lakini sheria ilikuwa na mlango wa nyuma. Kama bidhaa haizalishwi Marekani kwa kiasi cha kutosheleza soko lake, katazo halitumiki. Mpira ukapenya hapo. Chai ikapenya hapo. Jani la nje la tumbaku je? Hilo lilikuwa likilimwa Connecticut, chini ya vyandarua. Kwa hiyo tumbaku ya Deli, tofauti na mazao mengi ya makoloni, ilikuwa hatarini kweli.

Wenye mashamba wa Deli walielewa upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa hofu ya kulipoteza soko la Marekani, kampuni za tumbaku zilianza kuachana na mikataba yenye adhabu ya kifungo, kabla sheria yenyewe ya kikoloni haijafutwa. Kijitabu cha mwaka 1902 kilikuwa kimeitikisa Uholanzi bila kuivunja adhabu ile. Wivu wa wakulima washindani, ukichanganyika na hoja ya haki, ulifanikiwa zaidi. Somo hili si tamu sana, lakini ni la kweli: wakati mwingine haki hupita mlangoni kwa sababu mtu mwingine kabisa alikuwa na faida yake.

Mikono, sauti na mawingu

Jani likishakuwa tayari huenda kwa msokotaji. Vifaa vyake ni ubao, kisu chenye ukingo wa mviringo na gundi kidogo ya mimea. Kwanza uti wa kati wa jani huondolewa, kwa hiyo jani la nje hugawanyika nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Nusu ya kulia huzungushwa upande mmoja, ya kushoto upande wa pili, ili mishipa ilale sambamba na biri. Ukipata biri mbili za aina moja, zitazame: huenda moja imezungushwa kinyume cha mwenzake. Sasa unajua kwa nini.

Kazi hii ni ya kimya, na wasokotaji wa Kuba waliona ukimya huo ni nafasi. Mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, walianza utaratibu wa mtu mmoja kuwasomea wenzake magazeti na vitabu kwa sauti wakati wakisokota, na wao wenyewe wakachanga ujira wake. Mwaka uliofuata utawala wa Kihispania ulipiga marufuku, kwa kuwa ulijua vizuri kibarua aliyesikia habari za dunia anageuka kuwa nani. Marufuku haikudumu. Usomaji ukavuka bahari hadi viwanda vya Tampa, Florida, ambako wenye viwanda waliukomesha mwaka 1931, tena kwa hofu ya siasa. Kuba unaendelea mpaka leo. Kama umewahi kujiuliza kwa nini biri maarufu inaitwa Montecristo, jibu ni riwaya ya Alexandre Dumas iliyopendwa na wasokotaji.

Februari 1962 Rais Kennedy aliifungia Kuba biashara zote. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia baadaye kwamba siku moja kabla, rais alimtuma akamtafutie biri za Kuba, akarudi nazo 1,200. Raia wa kawaida hawakuwa na Salinger. Mafundi wengi wa Kuba walikuwa wamehama, na usokotaji ukashamiri Jamhuri ya Dominika, Hondurasi, Nikaragua na Jamaika. Kampuni ya General Cigar, iliyokuwa mikononi mwa familia ileile ya Cullman, ilisokota Jamaika biri ya Macanudo, ikaivisha jani la kivuli la Connecticut, na katika miaka ya 1970 Wamarekani wengi wakajifunza kwamba biri nzuri ni ile iliyopauka na isiyokwaruza.

Na vyandarua? Vimekaribia kutoweka. Mikono ni ghali Connecticut, na ardhi ni ghali zaidi. Sehemu kubwa ya jani linaloitwa Connecticut leo hulimwa Ekwado, chini ya anga linalofunikwa na mawingu karibu mwaka mzima. Kitambaa hakihitajiki, mawingu yenyewe ndiyo chandarua. Baada ya miaka mia na zaidi, tumerudi kwenye lile anga la Deli.

Laini kwa nani?

Sasa tuirudie ile sukari tuliyoiweka pembeni. Tumbaku ya mvuke, yenye sukari, hutoa moshi wenye asidi. Katika asidi nikotini hubeba chaji ya umeme na haipiti kirahisi kwenye ngozi laini ya kinywa, ndiyo maana mvuta sigara huuvuta moshi mpaka mapafuni. Tumbaku ya hewa, iliyokula sukari yake na kuvundikwa, hutoa moshi usio na asidi, wenye tabia ya alkali. Humo nikotini nyingi haina chaji, na hupenya mdomoni moja kwa moja. Mvuta biri hahitaji kuuvuta moshi ndani ili mwili wake uipate nikotini.

Umeona mtego ulipo? Mchakato uleule unaoifanya biri iwe tamu mdomoni ndio unaoifungulia nikotini mlango wa mdomo. Na biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Mwaka 1998 taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani ilikusanya ushahidi kuhusu biri katika kitabu kimoja, na matokeo yalikuwa wazi: uvutaji wa biri huleta saratani za kinywa, koo na umio, hata kwa wasiovuta moshi ndani, na anayeuvuta ndani huongeza hatari ya mapafu na moyo. Kivuli hupunguza unene wa jani. Hakiondoi lami wala kaboni monoksidi, kwa sababu hizo huzaliwa pale moto unapowaka.

Ndiyo maana mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003, unapofika ibara ya 11 unataja waziwazi maneno ambayo huweza kumdanganya mnunuzi kwenye pakiti. Mojawapo ni hili letu: laini. Kenya iliuridhia mwaka 2004, Tanzania mwaka 2007. Marekani iliusaini mwaka 2004 na mpaka leo haijauridhia.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha biri iliyopauka na kukwambia ni laini, unaweza kumkubalia na kumkatalia kwa pumzi moja. Ni laini kweli kwa kidole na kwa ulimi, na ulaini huo ni kazi kubwa: ya botania, ya mfuko wa karatasi, ya fundi anayelisikiliza rundo lake. Unaweza kuistahi kazi hiyo kwa kuitazama tu, bila kuiwasha. Lakini kwa kibarua wa Deli haikuwa laini, kwa mchumaji aliyelowa umande haikuwa laini, na kwa seli za kinywa chako haijui hata maana ya neno hilo.